Barua ya wazi kwa Waziri wa Kilimo: Maji tumepata, joto linatuachia mapepe

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa heshima kutoka majarubani, mkoani Morogoro.

Nakuandikia habari ya mapepe, yaani punje tupu za mpunga. Suke linasimama wima wakati wenzake wameinama kwa uzito. Ukilishika ni jepesi, na ukibonyeza punje kwa ukucha unakuta ganda tupu. Kiangazi kilichopita nilivuna gunia 9 kwenye ekari ambayo masika hunipa 22. Maji hayakukosekana hata siku moja. Mbolea niliweka, ya kupandia na ya kukuzia. Ndege tuliamia mimi na wanangu tangu alfajiri. Bwana shamba alipokuja alitazama suke moja, akaandika kwenye daftari lake "upungufu wa mbolea", akapanda pikipiki akaenda zake. Simlaumu sana, maana hana kipimajoto, na fomu anayojaza haina mahali pa kuandika joto.

Mheshimiwa, naomba unifuate kwenye kalenda yetu. Mpunga wa kiangazi tunasia kitaluni mwishoni mwa Julai na kupandikiza Agosti. Mbegu ya SARO 5 tunayolima wengi wetu huku huanza kuchanua kuelekea mwisho wa Oktoba, jua likiwa kali na mvua hazijashika. Ua la mpunga hufunguka mara moja tu, kwa muda wa saa moja hivi, mara nyingi kati ya saa tatu asubuhi na saa sita mchana. Ukiinama saa nne utaona vifuko vya chavua vya njano vikining'inia nje ya maganda, vidogo kuliko kichwa cha sindano. Hewa ikifika nyuzi 35 wakati huo, vifuko vinashindwa kupasuka sawasawa na chavua haifiki inakotakiwa. Saa moja tu ya joto la namna hiyo inatosha kuharibu. Ganda linajifunga na halifunguki tena, hata ukilimwagia mto mzima. Bondeni tuna shida ya ziada: mmea hujipoza kwa kutoa unyevu, kama mtu anavyotoka jasho, na hewa ikiwa nzito kwa mvuke, jasho hilo halikauki.

Hapa ndipo penye jambo langu. Serikali imejenga skimu na mabanio ili tulime mara mbili kwa mwaka, nasi tunashukuru kwa dhati, maana tunajua maisha ya kungojea mawingu. Lakini maji ya mfereji ndiyo yaliyotuwezesha kuuchanulisha mpunga katika miezi ambayo zamani haukuwa shambani kabisa. Kila skimu mpya ya kiangazi inaongeza ekari za mpunga unaochanua juani. Tumeondoa ukame tukakutana na joto, na joto hilo halimo kwenye mpango wowote ambao mkulima kama mimi amewahi kuonyeshwa.

Usiku nao umebadilika. Kwenye shamba la taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga, IRRI, kule Ufilipino, watafiti walilinganisha mavuno na kumbukumbu za hali ya hewa, na mwaka 2004 wakatangaza kwamba kila nyuzi 1 ya ongezeko la joto la usiku ilikwenda na upungufu wa mavuno wa karibu asilimia 10 katika msimu wa kiangazi. Mmea usiopoa usiku hula akiba uliyoitengeneza mchana. Hata punje zinazojaa zinatoka na doa jeupe kama chokaa, na zikifika kwenye mashine ya kukoboa zinavunjika. Nimesimama pale nikitazama mchele wangu ukitoka chenga tupu, na mnunuzi akashusha bei kabla sijafungua mdomo.

Dawa ipo, angalau mwanzo wake. Nagina 22, mpunga wa zamani wa India, unajulikana kwa kustahimili joto wakati wa kuchanua. Upo pia mpunga mwitu wa Asia, Oryza officinalis, unaochanua asubuhi mapema kabla jua halijawaka, na watafiti wa Japani wamefaulu kuihamishia tabia hiyo kwenye mpunga wa kulimwa. Mimi nautamani huo wa pili. Mpunga unaomaliza shughuli yake saa mbili asubuhi unalikwepa joto, hauna haja ya kupigana nalo.

Kwa hiyo ninaomba kwamba TARI, taasisi yetu ya utafiti wa kilimo, pale Dakawa na Ifakara, kabla haijatupa mbegu nyingine ya umwagiliaji, iijaribu ikichanua Oktoba na Novemba, na matokeo yatuambie ilichanua saa ngapi na ilitoa mapepe kiasi gani. Mavuno ya masika peke yake hayanisaidii kuchagua mbegu ya kiangazi. Na tafadhali harufu isisahaulike. Watu wa sokoni wanaulizia mchele wa Supa, ule unaonukia, kwa pua kabla ya macho, na mbegu inayovumilia joto lakini hainukii tutailima mwaka mmoja tu tuiache.

Wakati mbegu hiyo inatafutwa, kila skimu ipewe kipimajoto cha mchana na usiku, na Mamlaka ya Hali ya Hewa itusaidie kupanga tarehe ya kusia, tukihesabu kurudi nyuma kutoka siku ya kuchanua. Leo tarehe hiyo inaamuliwa na siku lango la mfereji linapofunguliwa, na kwetu lilichelewa wiki tatu. Zamu za maji nazo ziwape kipaumbele wenye mpunga unaochanua, kwa kuwa jaruba lenye maji hupoza mimea walau kidogo, na likikauka siku hizo hasara inaongezeka.

Nakukaribisha shambani mwishoni mwa Oktoba. Fika saa nne asubuhi, usije jioni wakati wageni wengi huletwa. Nitakuwekea kipimajoto katikati ya masuke, tukihesabu pamoja maua yaliyofunguka. Kisha rudi baada ya mwezi, tuyakate masuke yaleyale tuhesabu punje.

Wako katika kilimo,
Mkulima wa mpunga, Morogoro