Dozi ya tatu ya chanjo ya homa ya ini ndiyo inayosahaulika

Wateja wengi huingia wakiomba "sindano ya manjano". Swali letu la kwanza huwa: manjano ipi? Homa ya manjano huletwa na mbu. Chanjo yake ni sindano moja tu, na tangu Julai 2016 cheti chake kinatambulika maisha yote. Msafiri achomwe mapema, maana cheti huanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano. Homa ya ini B nayo huweza kuyafanya macho kuwa ya njano, lakini ni ugonjwa mwingine kabisa. Virusi vyake hupita kwenye damu, kwenye ngono, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kujifungua. Kula sahani moja na mgonjwa hakuambukizi. Kuchangia wembe, ndiyo. Hiyo chanjo yake ni dozi tatu.

Tanzania iliiingiza kwenye ratiba ya watoto wachanga mwaka 2002. Kama ulizaliwa kabla ya hapo na hujawahi kuitafuta mwenyewe, basi huenda huna kinga ya chanjo.

Hatuchomi kabla ya kupima. Kipimo cha HBsAg, yaani cha kutafuta protini ya ganda la virusi vya homa ya ini B, ni tone la damu ya kidoleni, majibu unayasubiri hapo hapo. Mwenye virusi tayari, chanjo haimdhuru, ila haimsaidii pia: atarudi nyumbani akijiona salama huku ini likiendelea kuliwa kimyakimya. Majibu yakiwa chanya, tunakuandikia rufaa ukapimwe utendaji wa ini na wingi wa virusi, na mwenza wako na watoto nao waje wapimwe. Kuna mtego mmoja hapa. Ukichanjwa leo halafu ukapima HBsAg wiki ijayo, kipimo kinaweza kuonyesha chanya kwa sababu ya chanjo yenyewe. Pima kwanza, au ngoja mwezi upite.

Ratiba ni leo, baada ya mwezi mmoja, kisha mwezi wa sita ukihesabu tangu dozi ya kwanza. Kwa kawaida mtu mzima hupata mililita 1, begani. Tako halifai: lina mafuta mengi, dawa haifiki kwenye msuli na kinga hutoka hafifu. Chanjo hukaa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8, na ikishaganda imeharibika, hata ikiyeyuka na kuonekana nzima. Popote utakapochanjwa, omba kuona kipimajoto cha friji. Si utovu wa adabu.

Shida kubwa ni baada ya dozi ya pili. Mkono hauumi, mwezi wa sita uko mbali, kadi imeshapotelea kwenye droo. Dozi mbili za mwanzo huamsha kinga. Ya tatu huipandisha na kuifanya idumu. Ukichelewa miezi, au hata miaka, huanzi upya: unaendelea pale ulipoishia. Anayekuambia uanze moja anakumalizia pesa bure. Kuwahisha ndiko kubaya zaidi. Kati ya dozi ya kwanza na ya pili ziwe wiki 4 au zaidi, kati ya ya pili na ya tatu zisipungue wiki 8, na kati ya ya kwanza na ya tatu zisipungue wiki 16. Iliyochomwa kabla ya muda huo kwa kawaida hurudiwa. Ndiyo maana tunakusisitizia upige picha kadi yako siku ile ile.

Mhudumu wa afya, mwenza wa mtu mwenye virusi, au anayeishi na VVU apime kinga mwezi mmoja hadi miwili baada ya dozi ya mwisho. Kiwango cha 10 mIU/mL (kizio cha wingi wa kinga kwenye damu) na kuendelea kinatosha. Wengine wengi hawana haja ya kulipia kipimo hiki.

Na kwa kuwa utakuja mara tatu, tumia safari hizo. Siku ya dozi ya tatu njoo asubuhi, hujala kwa saa 8, maji tu. Tutapima sukari, 7.0 mmol/L au zaidi hurudiwa siku nyingine kabla ya kuitwa kisukari. Presha tunapima baada ya kukaa kimya dakika 5, kwa hiyo usije mbio kutoka kituo cha daladala, na kahawa iache mpaka tumalize.