Bingwa wa kuogelea hapatikani kwa saa tatu za maji kwa wiki

Mhariri,

Mimi ni dereva wa matatu, Mwiki hadi mjini, na nina binti wa miaka 14 anayeogelea mtindo wa kipepeo, ule wa kurusha mikono yote miwili mbele kwa pamoja. Juzi abiria aliyeketi mbele aliona miwani yake ya kuogelea ikining'inia kwenye kioo akaniuliza, "Dere, hii ni ya nani?" Nilipomweleza, akasema Wakenya ni watu wa kukimbia, mambo ya maji tuwaachie wengine. Nikamwuliza kama anamjua Jason Dunford. Hakumjua. Ndiyo sababu ninakuandikia.

Jason alizaliwa hapa Nairobi mwaka 1986. Agosti 2008 kule Beijing, katika mchujo wa mita 100 kipepeo, aliogelea kwa sekunde 51.14 na kuweka rekodi ya Olimpiki. Rekodi ya Olimpiki kwa Mkenya, majini! Haikudumu, kwani siku hiyo hiyo Milorad Čavić wa Serbia alitoka mchujo mwingine na 50.76. Fainalini Jason alikuwa wa tano kwa 51.47, na shaba ikachukuliwa kwa 51.12. Tazama hesabu hiyo. Muda wake wa mchujo ulipitwa na ule wa shaba kwa sehemu mbili za mia za sekunde. Nikikwama kwenye foleni ya magari pale Roysambu huwa nazifikiria sehemu hizo mbili, na roho huniuma kana kwamba ni juzi. Miaka miwili baadaye, Delhi, alitwaa dhahabu ya Jumuiya ya Madola katika mita 50 kipepeo kwa sekunde 23.35. Kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya London 2012 yeye ndiye aliyetangulia na bendera yetu.

Wapo watakaosema Jason ni mzungu, kwake maji ni jambo la kawaida. Ni Mkenya, na maji hayajui rangi ya mtu. Kinachomtenga na binti yangu ni saa za mazoezi. Muogeleaji wa kiwango chake huingia majini asubuhi, akatoka, akala, akalala kidogo, akarudi jioni, siku karibu zote za wiki, mwaka hadi mwaka. Yeye aliyapata hayo, na baadaye akayapata zaidi katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Binti yangu anapata saa tatu kwa wiki, zikipatikana.

Tena anazipata katika kidimbwi cha mita 25. Msomaji asiyeujua mchezo huu ataona mita ni mita tu. Sivyo. Katika kidimbwi kifupi, kila baada ya mita 25 kuna ukuta wa kusukuma kwa miguu, na msukumo ule ni mwendo wa bure na pumzi kidogo kwa mikono. Mwaka jana aliingia kidimbwi cha mita 50 kwa mara ya kwanza, siku ya mashindano. Kwenye kile alichokizoea anajua akishapiga mikono kumi na mmoja, ukuta huo hapo. Siku hiyo alipiga kumi na mmoja, akainua kichwa kuutafuta, na mbele yake kulikuwa na maji tu. Alipoinua kichwa nyonga zikazama. Kufika mita 35 mikono haikuwa ikitoka majini tena, ilikuwa inaburutwa. Nilikuwa nimesimama ukingoni na saa mkononi: mita 50 kwa sekunde 39.10. Kwenye kidimbwi kifupi alikuwa amefanya 36.80. Alipotoka hakulia. Aliniuliza tu, "Baba, ukuta ulikuwa wapi?"

Hata saa hizo tatu si za uhakika. Jumamosi moja tulifika saa kumi na mbili asubuhi, ada ya mwezi tumeshalipa, tukakuta lango limefungwa kwa sababu kulikuwa na sherehe mchana na hema zilikuwa zinapigwa. Watoto tisa walikaa ukingoni mwa barabara na mifuko yao hadi saa mbili. Hakuna aliyetoka kutueleza lolote.

Na kila siku ninapita na gari mbele ya Kasarani, penye kidimbwi cha mita 50 kilichojengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987. Ninachoomba si jengo jipya. Wanaosimamia vidimbwi virefu vya umma jijini watenge mikondo miwili ya kuogelea, saa kumi na moja hadi saa moja asubuhi, kwa watoto wa shule za umma, kwa ada ambayo mzazi wa Mwiki au Kayole anaweza kuilipa. Gazeti lako nalo lichapishe muda wa waogeleaji wetu kila wanaposhindana, kama linavyochapisha wa wanariadha, si aya moja kila baada ya miaka minne. Wengi wa waogeleaji tunaowapeleka Olimpiki huenda kwa nafasi zinazogawiwa nchi ambazo hazina aliyefikia viwango. Siwadharau, wamejituma kwa kilichopo. Lakini Jason alikwenda Beijing kwa muda wake mwenyewe.

Kuna jambo jingine la kuharakisha. Mita 50 kipepeo, mbio zile za dhahabu ya Delhi, hazikuwa kwenye Olimpiki enzi za Jason. Sasa zimeingizwa, kuanzia Los Angeles 2028. Binti yangu ameiandika tarehe hiyo ndani ya mlango wa kabati. Simwambii ni mapema mno.

Usafiri usiwe kisingizio. Gari langu ni la watu 14, mwenye gari amekubali, na alfajiri hiyo abiria bado ni wachache. Nitawachukua watoto kuanzia stendi ya Mwiki bila nauli, siku yoyote tutakayofunguliwa lango.

Baba wa muogeleaji,
Mwiki, Nairobi