Ramani ya kijani haitoshi kuujua msitu wa kale

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tuonye juu ya mazoea ya kutazama kijani kwenye ramani ya zamani na kutangaza kwamba msitu ulikuwa hivi au vile. Kijani kile hakitaji aina ya miti wala msongamano wake, na mpaka wake mara nyingi ni wa kukisia, maana mpimaji alifuata mstari wake tu, na yaliyo nje ya mstari hakuyapima.

Majibu yamo kwenye daftari za upimaji. Nchini Marekani, kufuatia sheria ya mwaka 1785, ardhi ilikatwa miraba ya maili moja, na kila nusu maili kikasimikwa kigingi. Ili kigingi kikipotea mahali pajulikane, mpimaji aliandika miti ya jirani: jina, unene, uelekeo wa dira na umbali kwa pete za mnyororo, kila pete sentimita 20 hivi. Miti hiyo mashahidi ndiyo sampuli yetu.

Ili kukadiria msongamano, penye miti minne, mmoja kila robo kuzunguka kigingi, tafuta wastani wa umbali kutoka vigingi vingi, kisha uuzidishe kwa wenyewe. Mita 8 hutoa mita za mraba 64 kwa mti, yaani miti 156 kwa hekta. Ila mpimaji hakuchagua mti wa karibu kila mara. Alipenda gome linalochongeka alama na mti wa kudumu. Wastani ukivutwa hadi mita 10, hesabu inaporomoka hadi miti 100, na msitu unasomeka kuwa mwembamba kuliko ulivyokuwa! Basi panga umbali kwa kila aina: aina ambayo kila mara iko mbali zaidi ya wenzake huenda ilipendelewa.

Jina nalo hupotosha. "Mwaloni mweusi" wa daftari moja unaweza kuwa aina kadhaa, hivyo heri kuishia kwenye jenasi, yaani kundi la aina zenye ukoo mmoja.

Unapoilaza ramani ya kale juu ya mpya, shika bikoni, yaani alama za upimaji zilizosimikwa ardhini, na njia panda, si kona za mto, kwani mto huhama. Kaskazini ya sumaku nayo huhama: kosa la nyuzi 5 kwenye maili moja ni mita 140.

Tunawasihi wanaohifadhi ramani hizi kidijitali wapige picha na daftari zake, hasa ukurasa wenye tarehe na jina la mpimaji, maana kila mpimaji alikuwa na mapendeleo yake na bila jina hayasahihishiki.