Mifupa ipimwe kabla haijavunjika

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu tunaotibiwa saratani, na madaktari wanaotutibu, kuhusu jinsi baadhi ya dawa zetu zinavyodhoofisha mifupa, jambo nililolijua nikiwa nimeshachelewa.

Nilikuwa nimemaliza upasuaji, tibakemikali na mionzi ya saratani ya matiti. Ulikuwa mwaka wa tatu nameza letrozoli, kidonge kimoja kila siku. Asubuhi moja niliinama kunyanyua beseni la nguo, kitu kikalia ko! katikati ya mgongo. Sikuanguka wala sikujigonga popote. Eksirei ikaonyesha pingili moja ya uti wa mgongo imebonyea. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini gauni langu la siku zote lilikuwa limeanza kuburura chini. Nilikuwa nimepungua kimo, nami nikidhani gauni limelegea kwa kufuliwa.

Siilaumu dawa, na ninaendelea kuimeza. Saratani yangu ni ile inayolishwa na estrojeni, homoni ya kike, na letrozoli inauzuia mwili usiitengeneze. Lakini estrojeni hiyohiyo ndiyo mlinzi wa mfupa. Mfupa hubomolewa na kujengwa upya maisha yote. Estrojeni ikiondoka, ubomoaji huushinda ujenzi. Dawa za kundi hili tunazimeza miaka 5, wengine hadi 10. Wanawake vijana ambao ovari zao zimezimwa kwa sindano hupoteza mfupa kwa kasi zaidi. Na wanaume wenye saratani ya tezi dume wanaochomwa sindano za kushusha testosteroni, homoni ya kiume, wamo humuhumu, ila wao husahaulika kabisa, maana watu wamezoea kuona kuwa mifupa dhaifu ni maradhi ya bibi vizee.

Kinachoniuma ni kwamba yote haya yanajulikana. Kipo kipimo cha uzito wa mfupa kiitwacho DEXA: unalala kitandani dakika chache, mashine inapita juu yako, huchomwi kitu, na mionzi yake ni kidogo mno. Majibu huja kwa alama ya T, inayolinganisha mfupa wako na wa kijana mwenye afya. Ikifika -2.5 au kushuka zaidi, hiyo ni osteoporosisi, yaani mifupa imedhoofika na huvunjika kirahisi. Yangu ilisoma -3.1, lakini nilipimwa baada ya pingili kubonyea. Siku niliyoandikiwa letrozoli niliambiwa habari za joto la ghafla na maumivu ya viungo. Kuhusu mifupa niliandikiwa vidonge vya kalsiamu tu, nikaamini nimekingwa. Kalsiamu na vitamini D ni za lazima, lakini kwa mtu anayepoteza mfupa kwa kasi hii mara nyingi hazitoshi peke yake.

Dawa za kuzuia mfupa usiliwe zipo: asidi zoledroniki kwa dripu, au denosumabu, sindano ya chini ya ngozi, zote kwa kawaida kila baada ya miezi 6. Lakini kabla ya kuanza, nenda kwa daktari wa meno. Jino bovu ling'olewe mapema, kwa sababu ukilitoa ukiwa tayari kwenye dawa hizi, mara chache taya hukataa kupona. Na aliye kwenye denosumabu asiruke sindano wala kuiacha kimyakimya ati kwa kuwa anajisikia vizuri. Mfupa hurudi kuliwa upesi, na pingili kadhaa zinaweza kubonyea kwa mpigo. Ikibidi kuacha, daktari apange dawa ya kuipokea.

Mimi sasa natembea kila siku, na mtaalamu wa viungo amenifundisha kunyanyua kitu kwa kukunja magoti, mgongo ukiwa umenyooka.

Wiki iliyopita, kwenye benchi la kliniki, nilikaa na dada aliyeshika pakiti yake ya kwanza ya letrozoli. Nikamuuliza kama mifupa yake imepimwa. Akanitazama akidhani nimemchanganya na mgonjwa mwingine. Nikamwandikia neno DEXA juu ya bahasha ya dawa, akarudi nayo kugonga mlango wa daktari.

Ni mimi msomaji wako,
Mgonjwa wa saratani ya matiti