Barua kwa Mwanangu: Muulize Mpishi

Malindi, Jumatatu baada ya Isha

Mwanangu kipenzi,

Assalaam alaykum. Sisi hapa ni wazima, alhamdulillahi. Ninakuandikia kwa sababu habari zako nimezipata kwa binti wa khalati yako, wala si kwako: kwamba ulilala siku mbili hujiwezi baada ya chakula cha mchana ulichokwenda kula na wenzako wa kazini, na kwamba Jumapili hii unakwenda Kisumu kwa kazi ya wiki tatu. Kwenye simu uliniambia ni mafua. Wiki tatu, milo mitatu kwa siku, ni milo 63, na yote utaila hotelini. Nimehesabu mara mbili, na tangu nihesabu sijalala vizuri.

Ninaambiwa kuwa ulikula samaki wa kukaanga na wali, na kwamba mhudumu alikuhakikishia hamna ngano, ambayo kwa ugonjwa wako huu wa seliaki huuharibu utumbo. Mhudumu yule hakusema uongo. Alipoulizwa habari ya ngano alifikiria chapati na mkate, na kwenye sahani yako hakuona chapati wala mkate. Aliyejua kwamba samaki yule aligaragazwa katika unga mkavu kabla ya kutiwa mafutani, ili asigande karaini na ngozi yake ikauke vizuri, ni mpishi, naye hakuulizwa. Ndiyo maana ninakwambia, na nitakwambia tena kabla barua hii haijaisha: muulize mpishi.

Ninasema haya kama mtu wa jikoni. Karai ninalokaangia mahamri alfajiri ndilo ambalo wengine, ikifika saa tano, hukaangia samaki na viazi kwa mafuta yale yale, kwa kuwa mafuta ni ghali na hakuna amwagaye. Yangu yaliyobaki alikuwa akiyachukua jirani wa vibanzi, miaka na miaka, na hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kumuuliza yametoka wapi. Watu huamini kwamba moto husafisha kila kitu. Moto huua vijidudu, lakini gluteni si kijidudu, ni protini iliyomo ndani ya ngano na shayiri zenyewe, na mafuta yakichemka haiondoki. Kiazi kitupu kilichopita katika mafuta ya sambusa si chakula chako tena.

Usimuulize mtu kama chakula kina gluteni, kwa maana wapishi wengi neno hilo hawalijui, na asiyelijua atajibu hapana ili usimwone mjinga. Uliza mambo anayoyajua: samaki anapakwa nini, anakaangwa katika karai gani, mafuta hayo yamekaanga nini tangu asubuhi, mchuzi umetiwa unga ili uwe mzito, na vikolezo vya pakiti vilivyotumika ni vipi. Omba uione ile pakiti, usome mwenyewe. Wala usiende kuuliza saa saba mchana, wakati jiko limechemka na mpishi hana hata nafasi ya kufuta jasho. Nenda saa nne, au piga simu saa nne, uzungumze naye akiwa anamenya vitunguu, naye atakusikiliza na pengine atakuwekea kikaango pembeni. Mpishi aliyeombwa kwa heshima hupenda kusaidia. Nimekaa jikoni miaka ishirini na hilo ninaliapia.

Vilevile usiseme kuwa unajizuia kula ngano. Watu watadhani unapunguza mwili na watakutania. Sema ni ugonjwa, kwa kuwa ndivyo ulivyo. Andika kadi ndogo: "Mimi ni mgonjwa. Nikila ngano au shayiri, hata kidogo sana, utumbo wangu unaharibika. Naomba chakula kilichopikwa katika sufuria safi na kupakuliwa kwa kijiko safi." Ukifika Kisumu mwombe mwenzako wa huko akuandikie maneno hayo kwa Kidholuo upande wa pili.

Kwa kweli Kisumu si pabaya kwako. Ugali wa mahindi unaufaa, na ule mweusi wa mtama na wimbi pia, mradi uhakikishe kwamba unga haukuchanganywa, maana zile unga za pakiti za uji na lishe mara nyingine hutiwa ngano ndani. Kula samaki wa kuchemshwa kwa nyanya na kitunguu, au wa kuchomwa juu ya makaa, na yule wa kukaanga umwache hadi umwone mpishi na karai lake kwa macho yako. Omena uwaulizie vivyo hivyo, kwani wengine huwapaka unga. Asubuhi ndiyo inayonitia hofu zaidi, kwa sababu yai la kukaanga hupikwa juu ya chuma kile kile cha chapati. Omba yai la kuchemsha, ulimenye mwenyewe, na nduma au viazi vitamu. Soseji usiziguse, maana nyingi hutiwa chenga za mkate. Wakikupeleka kwenye mkahawa wa Kichina, kumbuka kuwa sosi ya soya ya kawaida hutengenezwa kwa ngano, na karibu kila chungu huingia sosi hiyo. Hata Wahabeshi, ambao injera yao ya asili, ile mikate yao mipana kama chapati, ni ya nafaka ya teff isiyo na gluteni, wakiwa mbali na kwao mara nyingi huchanganya unga wa ngano au shayiri.

Sasa nisikilize vizuri. Najua hukukosa la kuuliza siku ile, uliona haya. Wakubwa wako wa kazi walikuwa mezani, mhudumu amesimama na kalamu yake, na wewe hukutaka kuonekana msumbufu. Haya hiyo nilikufundisha mimi. Nilikukataza kuchagua chakula mbele ya wenyeji, na kila uliposukuma sahani nilikukodolea macho hadi ukaimaliza. Ya miaka ile unayajua kuliko ninavyoweza kuyaandika. Lakini sasa ninakwambia kinyume chake, kwa ulimi ule ule: sukuma sahani. Mkubwa wako akichukia, atachukia saa moja.

Usijipime kwa tumbo, ukasema maumivu yaliisha siku mbili basi mambo yamekwisha. Daktari alitueleza kuwa utumbo unaweza kuwa unaharibika pasipo maumivu yoyote, kisha ikaonekana kwenye damu na mifupa. Nilikaa na kusoma, na binti wa jirani alinisaidia. Kiwango cha kimataifa cha chakula kisicho na gluteni ni kisichozidi miligramu 20 katika kilo nzima. Watafiti wa Italia waliwapa wagonjwa miligramu 50 tu za gluteni kwa siku kwa muda wa miezi mitatu, na utumbo wao ukaharibika. Kipande kimoja cha mkate kina gramu mbili au zaidi, yaani mara arobaini ya hizo. Kwa hiyo punje za mkate zilizobaki kwenye kibao cha kukatia si jambo la kupuuza, na dawa ya kumeza hakuna. Dawa ni kutokula, basi.

Baba yako mdogo bado anasema ni ugonjwa wa Wazungu uliojifunza chuoni. Nimemjibu kuwa kati ya watoto wa Sahara Magharibi, Waislamu wenzetu wanaoishi jangwani, uchunguzi uliochapishwa mwaka 1999 uliwakuta nao zaidi ya watoto 5 katika kila 100, wakati duniani kwa jumla ni kama mmoja katika mia. Alinyamaza. Nakwambia haya ili nawe usijione wa ajabu mbele ya watu.

Kuna jambo jingine kuhusu miiko na pawa. Hata chakula kikiwa chako kabisa, uliza kinapakuliwa na nini. Idi iliyopita ulipoumwa siku ya pili ukadhani ni biriani ya arusini, haikuwa biriani. Nilikanda unga, nikafuta mkono kwa kanga, nikashika upawa wa mbaazi zako. Nilitambua jioni ile ile. Ukaendelea kuilaumu ile arusi, nami nikakuacha uilaumu. Siku hizi mbaazi zako ninazipika kwanza kabla sijafungua gunia la unga, na upawa wako una uzi mwekundu na unatundikwa chumbani, si jikoni. Kama mamako mwenye uchungu wako amekosea, mpishi asiyekujua atakosea mara ngapi? Kwa hiyo muulize, na usiposhawishika na jibu lake, kula ndizi na karanga zenye maganda, ulale na njaa, uamke mzima.

Hapa nyumbani paa la upande wa choo limevuja tena, na fundi anasema makuti yangojee hadi mvua ipungue. Kodi ya kibanda nimelipa, kwa hiyo zile pesa ulizotuma usizitafute. Mdogo wako tunampeleka kupimwa damu mwisho wa mwezi, kwa kuwa daktari alisema ndugu wa damu wa mgonjwa huupata ugonjwa huu kama mmoja katika kumi. Tumekatazwa kumwondolea ngano kabla ya kipimo, kwa kuwa kipimo hakitaonyesha kitu, basi kila asubuhi ninampa hamri kama kawaida na roho inaniuma. Mimi na babako pia tutapimwa. Babako hajakubali, lakini atakubali.

Ninajivunia kazi yako, ingawa katika barua hii nimekukaripia zaidi ya kukusifu. Nilipomwambia mamake mwenye duka kwamba umetumwa Kisumu kukagua hesabu za ofisi nzima, alinipunguzia bei ya sukari.

Kesho usiku ninakutumia katoni kwa basi, imefungwa kwa kamba ya buluu, itafika Jumatano asubuhi. Ndani mna unga wa mchele, vipande vya mkate wa kumimina wa mchele, achari ya ndimu, na kikaango kidogo kipya ambacho hakijawahi kuguswa na chochote. Unga sikuupeleka kwenye mashine ya kusagia, maana wanasaga ngano humo humo. Nimeutwanga mwenyewe kinuni nikauchunga mara mbili, kwa hiyo usipoona ulaini wa dukani usishangae. Kikaango ukifika Kisumu mpe mpishi wa hoteli mkononi mwake, umwombe akutunzie mahali pakavu, kisha unipigie usiku huo huo uniambie amekujibu nini.

Mama yako