Barua ya Wazi kwa Waziri wa Fedha: Watu Wanaogopa Kukua

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Keko, Dar es Salaam. Kazi yangu ni kuwaandikia hesabu mafundi seremala na mama lishe, watu ambao mhasibu wa kuajiri hawamwezi. Kila mwaka nasikia ikisemwa kwamba biashara ndogo hazikui kwa kukosa mitaji na elimu ya ujasiriamali. Mitaji ni tatizo, sikatai. Lakini ninao wateja ambao hela wanayo, oda wanazo, na bado hawataki kukua. Wamepiga hesabu wakaona haiwalipi.

Chukua jedwali la kodi ya makadirio, ile ya wafanyabiashara wadogo inayokadiriwa kwa mauzo yao, lililokuja na Sheria ya Fedha ya 2019. Asiye na kumbukumbu za biashara akiuza milioni 6.9 kwa mwaka, kodi yake ilikuwa 100,000. Akiuza milioni 7.1, ilikuwa 250,000. Mauzo yamepanda laki mbili, kodi imepanda laki moja na nusu. Na hayo ni mauzo ghafi, Mheshimiwa, si faida. Ndani ya hizo laki mbili kuna mbao, gundi, vanishi na posho ya kijana anayepiga msasa.

Wataalamu wako watasema fundi atunze kumbukumbu. Ni kweli: kwa mauzo hayohayo ya milioni 7.1, mwenye kumbukumbu alikuwa analipa 93,000 tu. Ila njoo uzione zinavyotunzwa. Vipimo vya kabati, advansi ya mteja na salio lake vimeandikwa kwa penseli kwenye kipande cha plaiwudi. Wiki inayofuata kipande hicho kimekatwa, kimekuwa kitako cha droo, na hesabu imeondoka na kabati la mtu.

Basi mafundi wanafanya nini? Mmoja niliyemfahamu aligawa karakana yake mara mbili: nusu jina lake, nusu jina la mdogo wake. Mashine zilezile, paa lilelile, TIN (namba za mlipakodi) mbili. Kwenye kodi alipata nafuu. Ikaja kazi ya madawati ya shule, akakosa, kwa sababu kwenye karatasi hakuna hata nusu moja iliyoonekana ina uwezo wa kuifanya. Benki nayo ilipotaka kuona mzunguko wa fedha, ikaona vijibiashara viwili visivyokopesheka. Simsifu, na kisheria alikosea. Nasema tu kwamba jedwali ndilo lililomwonyesha njia.

Kwa mama lishe mpaka wenyewe uko chini zaidi. Vitambulisho vya wajasiriamali vilipotolewa 2018 kwa 20,000, vilikuwa vya mwenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka. Kwa anayefungua kila siku, hiyo ni kama 11,000 kwa siku. Sahani ikiwa 2,000, sahani ya sita inamvusha mpaka, anaingia kwenye jedwali lile. Sijawahi kuona mama lishe anayewasha jiko kwa ajili ya sahani tano.

Serikali inajua kwamba viwango huchakaa. Mwaka 2023 mlipandisha kiwango cha mauzo cha kusajiliwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) kutoka milioni 100 hadi milioni 200, na mlifanya vizuri. Sasa shukeni huku chini. Naomba mambo mawili kwenye bajeti ya Juni: kiwango cha mauzo cha kuanza kulipa kodi kipandishwe kilingane na bei za leo, na anayevuka ngazi alipe zaidi kwa kile tu kilichozidi, awe na daftari au hana. Leseni, ushuru wa huduma, zimamoto na taka nitaviandikia siku nyingine, maana kila kimoja kina mtu wake na siku yake ya kupiga hodi.

Ukihitaji mifano, tuma maofisa wako Keko. Waje asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, la sivyo hamtasikilizana.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwandishi wa hesabu, Keko