Shukrani kwa dada aliyempima mama pumzi

Dada yangu muuguzi, jina lako hukututajia, lakini familia yetu ya Birere hapa Goma inakushukuru mbele ya watu wote.

Mama anauza makala, yaani mkaa wa kupikia, tangu sisi tukiwa wadogo. Kikohozi cha usiku na kifua kubana asubuhi za baridi vilimchosha, na kila alikokwenda aliambiwa picha ya mapafu ni safi, arudi nyumbani. Wewe ulimketisha, ukambana pua kwa kibanio, ukamwambia apulize kwenye spirometa, mashine ya kupima pumzi: "Puliza mama, bado, bado, bado, malizia!" Kisha ukatugeuzia kioo cha mashine tuone mstari wa pumzi yake ulivyobonyea kuelekea mwisho. Ukaeleza kwamba vijia vya hewa vyenye upana chini ya milimita 2 ni vingi mno, hivyo vingi vinaweza kuziba kabla kipimo cha kawaida au picha havijaonyesha kitu. Tena mirija ya hewa ya mama ni myepesi kushtuka, ikiguswa na moshi au vumbi kidogo tu inajikaza. Hakuna aliyewahi kutuheshimu hivyo kwa maelezo.

Ukatoboa chupa ya maji ya plastiki, ukachomeka pampu ya salbutamoli, dawa ya kufungua mirija ya hewa, mama akavuta taratibu. Baada ya dakika 15 akapuliza tena, na mstari ukapanda.

Siku hizi mdogo wetu ndiye anayemimina na kupima makala. Mama anapokea pesa, amekaa upande unakotoka upepo. Usiku analala. Aksanti sana, dada, Mungu akuzidishie.